Jicho Lililotoa Machozi Bila Kilio

Kwa miaka sita mama mdogo aliuza viazi mviringo katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, pembe ya khanga ikiwa mkononi muda wote. Jicho lake la kushoto lilichuruzika machozi kutwa nzima, na asubuhi za Julai, baridi inapokaza, lilizidi. Wateja walimpa pole wakidhani amefiwa. Mwanzoni aliwaeleza, baadaye alichoka kueleza, akawa anaitikia tu, "Nimeshapoa." Harusini alikaa nyuma kabisa, asije akaambiwa analia siku ya furaha ya watu.

Mrija wake wa machozi ulikuwa umeziba. Machozi huingia katika vitundu viwili vidogo vilivyo kwenye kona ya jicho, yakapita katika kifuko, kisha yakateremka hadi puani. Njia hiyo ikiziba, hufurika shavuni, na kifuko huweza kuvimba na kujaa usaha. Kwa watoto wachanga wengi njia hufunguka yenyewe kabla hawajatimiza mwaka. Kwa watu wazima, na wanawake ndio wengi zaidi, tiba ya kudumu ni upasuaji ambao daktari Mwitaliano, Addeo Toti, aliueleza mwaka 1904: hufunguliwa tundu katika mfupa ulio kando ya pua ili machozi yapate njia mpya. Wengi wanaofanyiwa hupona.

Ninalolalamikia ni kwamba mgonjwa huyu huhesabiwa kuwa na ugonjwa mdogo, kwa kuwa haumpofushi, na hivyo moyo wake hauulizwi habari. Mama mdogo alipasuliwa kwa ganzi, akiwa macho. Alielezwa kuwa hatasikia maumivu, na kweli hakuyasikia, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mfupa unapomegwa yeye atasikia mlio wake ndani ya kichwa, karibu kuliko sauti ya daktari mwenyewe. Alilala pale, uso umefunikwa shuka la kijani, akiamini kwamba wamekosea na sasa wanamvunja pua. Aliogopa kusema asije akawaudhi watu walioshika visu. Kwa wiki kadhaa baadaye alikuwa akishtuka usingizini.

Nyumbani alijitazama kwenye kioo akaona kitu chembamba kinachong'aa kwenye kona ya jicho. Ulikuwa mrija laini wa silikoni, ambao huachwa humo kwa wiki au miezi ili njia mpya isijifunge, lakini yeye alidhani ni uzi uliosahaulika, akaanza kuuvuta. Nilimshika mkono. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwapo, maana maelezo ya dakika tano kabla ya upasuaji yangetosha kutuepusha na hofu hiyo yote: kwamba kutakuwa na mlio, kwamba damu kidogo puani ni kawaida, kwamba asipenge kamasi siku za mwanzo, na kwamba mrija utaonekana na utatolewa baadaye. Naamini maelezo hayo ni sehemu ya matibabu, sawa na ganzi yenyewe.

Tena kuna kipimo cha kupona. Kliniki huingiza maji kwa sindano butu kwenye kitundu cha jicho, na yakifika kooni mgonjwa huambiwa amepona. Lakini wapo ambao maji hupita vizuri na bado machozi huwatoka wakiwa kwenye upepo, na wapo ambao jicho limekauka lakini kovu dogo kando ya pua linawafanya waendelee kuinamisha uso. Hao nao waulizwe kama wamerudi sokoni, kama wanalala, kama wanakaa na wenzao. Na kwa wazee wanaotoka Rungwe au Kyela, ambao Kiswahili cha hospitali huwachosha, swali hilo liulizwe kwa Kinyakyusa, na muuguzi anayekijua awe ameketi kando ya kitanda tangu siku ya kwanza, kabla shuka la kijani halijawafunika uso.