Ikitokea Kweli, Nani Atamshusha?

Wiki iliyopita jengo tunalofanyia kazi, hapa Dar es Salaam, lilifanya zoezi la kujiokoa na moto. King'ora kilipolia tuliteremka kwa ngazi kama tulivyoelekezwa, tukakusanyika kwenye maegesho ya magari chini ya kibao cha kijani, tukahesabiwa, na msimamizi wa usalama akatangaza kwa kipaza sauti kwamba zoezi limefanikiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Watu wakapiga makofi. Makofi yakipigwa, mwenzetu wa idara ya hesabu alikuwa bado ghorofa ya nne, kwenye kiti mwendo chake, mbele ya lifti iliyozimwa kwa ajili ya zoezi hilo hilo. Hesabu ya msimamizi ilitimia kwa sababu jina lake lilikuwa limekwisha kuondolewa kwenye orodha tangu asubuhi.

Asubuhi hiyo kijana aliyevaa kizibao cha njano alipita mezani kwake na kumwambia, "Wewe dada usihangaike, ikitokea kweli tutakubeba." Yeye akamuuliza, kwa adabu zote, "Nani na nani, kaka?" Kijana akacheka, akajibu kwamba wanaume wapo wengi.

Sina ugomvi na kijana huyo, kwa kuwa alisema kile ambacho karibu kila taasisi nchini ingesema. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuchukua wema ambao haujajaribiwa, wa watu ambao hawajatajwa, na kuuweka mahali ambapo ulipaswa kuwapo mpango. Wanaume wapo wengi saa nne asubuhi, wakiwa wametulia na wanakunywa chai. Ngazi zikijaa moshi, umeme umekatika, kila mmoja anamfikiria mtoto wake aliye nyumbani, hao wengi watakuwa wangapi?

Tuseme wamejitokeza wawili wenye moyo. Mwenzetu aliumia uti wa mgongo, na chini ya kiuno hana hisia, kwa hiyo mguu wake ukiburuzwa kwenye kingo za ngazi au ukigusa chuma chenye moto hatajua mpaka aone damu au lengelenge. Misuli yake hukaza ghafla anaposhikwa vibaya, na aliyembeba anaweza kupoteza mizani wakaporomoka wote. Kumtupa begani kama gunia, jambo ambalo mashujaa wetu wangelifanya bila kufikiri, kunaweza kumbana kifua ashindwe kupumua. Kisha akifikishwa chini salama atawekwa wapi? Kiti chake kimebaki juu, pamoja na mto maalumu unaomkinga na vidonda vya mgandamizo. Haya yote anayajua yeye mwenyewe, na angeyaeleza kwa dakika chache kama kuna mtu angemuuliza.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni mambo ya kufikirika. Mwaka 1993 bomu lilipolipuka chini ya minara ya World Trade Center, New York, mhasibu mmoja aliyepooza, John Abruzzo, alishushwa na wenzake kutoka ghorofa ya 69 kwa kubebwa tu, kazi iliyochukua takriban saa 6. Baada ya hapo vilinunuliwa viti maalumu vya kuteremshia watu kwenye ngazi. Septemba 11, 2001, wenzake kumi walimshusha kwa kiti cha namna hiyo kwa takriban saa moja na nusu, wakatoka muda mfupi kabla ya mnara kuanguka. Kama wangetegemea mikono mitupu kama mara ya kwanza, tusingekuwa na habari ya kusimulia. Katika mnara huo huo, ghorofa ya 27, Ed Beyea, naye akitumia kiti mwendo, alibaki akisubiri waokoaji, na rafiki yake Abe Zelmanowitz akakataa kumwacha. Wote wawili walikufa. Upendo ulikuwapo kwenye ghorofa zote mbili.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba viti hivyo ni ghali na kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina magari machache kuliko mji huu unavyohitaji. Lakini kuandika majina ya watu wanne waliokubali na kufundishwa, pamoja na wa akiba siku wenzao wakiwa likizo, kunagharimu karatasi moja. Kumhamishia mtu ofisi ya chini, kama mwenyewe anataka, hakugharimu hata hiyo. Jengo letu lilipata fedha za fulana za zoezi, zenye nembo mgongoni.

Kwa viziwi hali ni mbaya kwa namna nyingine: king'ora kisicho na taa inayowaka na kuzimika hakiwaambii kitu, na namba 114 ya Zimamoto inataka mtu wa kuzungumza. Kwa wasioona, kumbukeni usiku wa Oktoba 25, 2022, ambapo bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono nchini Uganda, liliungua na watu 11 wakafa, wengi wao watoto. Kisha nendeni mkatazame nondo na kufuli za mabweni yetu. Na kila masika yanapokaribia, wakazi wa bonde la Msimbazi huambiwa wahame haraka, kana kwamba wote wana miguu ya kuhamia. Mjumbe wa nyumba kumi anamjua kila bibi asiyeweza kunyanyuka kitandani, lakini hakuna anayemwomba orodha kabla ya maji kuingia.

Tusisingizie ukosefu wa sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 11 inazungumzia usalama wao wakati wa hatari na maafa. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hao si wachache wa kusubiri hisani ya kijana wa kizibao cha njano.

Kila jengo kubwa hukaguliwa na Zimamoto, hulipa tozo, na hutundika cheti ukutani karibu na mapokezi. Ombi langu kwa wakaguzi ni kwamba, wakimaliza kuhesabu mitungi ya kuzimia moto, wamtafute mtu ambaye hawezi kutumia ngazi na wamuulize yeye, si meneja, nani amepangiwa kumshusha na lini walifanya naye mazoezi mara ya mwisho. Akikosa jibu, cheti kisitolewe.