Eti Yule Mzee Ni Mimi

Jamani, ndoa ni kazi. Jumamosi nimejinyoosha zangu kwenye kochi nasubiri mpira, mama watoto kachomeka flashi: leo tunaangalia filamu ya mapenzi. Ya mwaka 1997! Nikamwambia hiyo ingekuwa binti, saa hizi ina watoto wawili. Hakucheka.

Inaitwa As Good as It Gets. Jack Nicholson ni mwandishi wa New York, jina Melvin. Riwaya za mapenzi kaandika 62, ila yeye mwenyewe hakaliki naye. Kambwa ka jirani kamemkera, kakatumbukiza kwenye shimo la taka la ghorofa. Mlango anafunga mara tano tano. Mgahawani anakwenda na uma na kisu vyake vya plastiki, na ole wako umkute umekalia meza yake.

Mke wangu sasa haangalii televisheni, ananiangalia mimi.

"Baba Nuru, huyu si wewe huyu?"

Mimi na mzungu wa New York wapi na wapi! Kisa nina kikombe changu. Kile cha bluu, hakiguswi, hata wageni wanajua. Huo ni utaratibu.

Ikafika pale Melvin katoka dina na Carol, yule mhudumu, Helen Hunt, dada wa watu kajipamba. Mzee anamwambia kavaa gauni la kushindia nyumbani! Mke wangu kacheka mpaka kajipiga paja. Najua alichokumbuka. Kwani nilipomwambia kitenge chake cha harusi kinafanana na pazia letu la sebuleni, nilikosea nini? Pazia lile nililinunua mimi, tena ghali.

Na kwa ukorofi huo Nicholson kapewa Oscar. Helen Hunt naye kapewa.

"Yake ni ya kumvumilia," mke wangu akasema. "Yangu iko wapi?"

Nilimwelewa Melvin sehemu moja tu. Mtoto wa Carol ana pumu, Melvin kamlipia daktari, halafu anadai eti anachotaka ni mhudumu wake arudi kazini amhudumie. Sasa ulitaka aseme nini mbele za watu?

Nikageuka kuchukua chai yangu. Mwenzangu kashanywa nusu. Kwenye kikombe cha bluu! Alama ya mdomo hiyo hapo, nyekundu, haina hata aibu.

Nikamtazama. Kaninyamazia, anasubiri.

Nikanywa. Ila nilikizungusha kwanza, nikanywea upande wa mkono.