Mwenyeji Anaona Harusi, Mgeni Anaona Matanga

"Mbona kwangu inafanya kazi?"

Ndiyo majibu ya mwenye tovuti, siku zote. Mteja kapiga simu kwamba kitufe cha kuweka bidhaa kikapuni hakisikii. Mwingine katuma skrinshoti WhatsApp, alama za menyu zimegeuka viboksi vitupu. Bosi anafungua duka lake mwenyewe, anabonyeza, bidhaa inaingia, menyu inang'aa, na hukumu inatoka hapo hapo: wateja wa siku hizi wana simu mbovu.

Bosi, tazama juu ya ukurasa wako. Unauona huo upau mweusi wenye jina lako? Maana yake WordPress, programu inayoendesha tovuti yako, inakujua, umeingia kama admini (msimamizi), na tovuti unayoiona ni yako peke yako. Huo upau una pikseli 32 kwenye kompyuta na 46 kwenye simu, na unausukuma ukurasa mzima kwenda chini. Kuna fundi alipanga kichwa cha ukurasa kinate pikseli 32 kutoka juu, kikakaa sawasawa chini ya upau. Mgeni hana upau. Mgeni anaona pengo la pikseli 32 linaning'inia juu ya nembo yako, na maandishi yanapita humo ndani kila akishusha ukurasa.

Na hizo alama za menyu? Zinatoka kwenye fonti iitwayo Dashicons. WordPress huipakia ili kuupamba upau mweusi, basi. Themu yako, yaani vazi la tovuti, inaidowea humo humo. Mtu asiyeingia hapakiliwi upau, hapakiliwi fonti, anaona viboksi au haoni kitu kabisa. Dawa yake ni kuweka wp_enqueue_style( 'dashicons' ) ndani ya kazi (function) iliyofungwa kwenye wp_enqueue_scripts, katika faili la functions.php la themu-mtoto, ile nakala ya themu unayoweka marekebisho yako. Mstari mmoja! Watu wameshanuniana, mteja kashahamia duka la jirani, kumbe mstari mmoja.

Bosi atajitetea: "Lakini nilijaribu nikiwa nimetoka." Hukutoka. Ulifunga kichupo. Kufunga kichupo si kutoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. WordPress inamhesabia mwenyeji siku mbili hizo hizo, ya tatu inamtoa nje. Ila ukitia tiki kwenye "Nikumbuke", unahesabiwa siku 14, na kidakuzi (kijifaili cha kukutambua) chenye jina linaloanza wordpress_logged_in_ kinakaa kivinjarini muda wote huo kikikudekeza. Fungua dirisha fiche (incognito), lisilo na vidakuzi vyako vya kawaida: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Na usifungue dirisha fiche, ukaingia humo "kidogo tu", kisha ukafungua la pili ukidhani ni jipya. Madirisha fiche yote yanatumia vidakuzi vimoja. Yafunge yote, uanze upya.

Haya, tuje kwa mkorofi mwenyewe: kashe, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka. Tovuti yenye kashe ni mama ntilie mwenye masufuria mawili. Wageni wote wanapakuliwa pilau ile ile iliyopikwa asubuhi, mwenyeji anapikiwa yake ya moto kila akikaa mezani. Ukiwa umeingia, plagini (programu za nyongeza) nyingi za kashe zinakupisha na WordPress inakuundia ukurasa mpya kila mara. Asiyeingia anapewa nakala ya HTML iliyolala kwenye wp-content/cache. Ndiyo maana wewe umebadilisha bei leo, na yeye anabishana nawe kwa bei ya juzi.

Bei ya juzi ni afadhali, inaonekana. Kinachoua ni nonsi. Hiyo ni msimbo mfupi wa herufi na tarakimu ambao WordPress huitia ndani ya fomu na vitufe ili kuzuia maombi ya kughushi. Umri wake ni kati ya saa 12 na 24, kutegemea ilizaliwa mwanzoni au mwishoni mwa kipindi chake. Sasa mtu kaweka kashe idumu siku 7. Ukurasa umehifadhiwa Jumatatu asubuhi pamoja na nonsi yake. Jumanne mchana nonsi imeshakufa, lakini ukurasa bado unagawiwa. Mgeni anajaza fomu, anatuma, anakataliwa. Fundi anaitwa, anafuta kashe, fomu inapona, anashangiliwa. Jumatano imekufa tena, na fundi yule yule anaitwa mganga wa kienyeji. Punguza umri wa kashe uwe saa 10 (saa 10 za muda, si saa kumi jioni), au kurasa zenye fomu zitoe kabisa kwenye kashe. Kwenye WooCommerce, plagini ya duka, kurasa za kikapu, malipo na akaunti yangu havihifadhiwi hata kwa dakika moja. Ukivihifadhi, siku moja mteja atakuta kikapu chenye viatu vya mtu mwingine.

Halafu kuna wale waandishi wa plagini ambao nadhani hawajawahi kuwa wageni popote duniani. Kitufe kinachofanya kazi bila kupakia ukurasa upya hupitia admin-ajax.php, na WordPress inataka milango miwili: wp_ajax_ kwa walioingia, na wp_ajax_nopriv_ kwa wasioingia. Mwandishi anafungua wa kwanza, anajaribu akiwa ameingia, anafurahi, anaachia toleo. Mgeni akibonyeza anarudishiwa sifuri. Sifuri kavu, bila hata samahani.

Hapo ndipo kitufe cha F12, kinachofungua zana za uchunguzi za kivinjari, kinapokuokoa na ubishi. Ukiwa dirisha fiche, fungua kichupo cha mtandao (Network) ndani ya zana hizo, bonyeza kitufe kibovu, soma jibu. Ukikuta 0 na namba 400, mlango wa nopriv haupo. Ukikuta -1 na 403, nonsi imekufa. Ukikuta 401 kutoka kwenye anwani yenye wp-json, kuna ruhusa ambayo mgeni hana. Na ukiona hakuna ombi lolote lililoondoka, JavaScript yenyewe, ile msimbo unaoendesha vitufe kivinjarini, haikuamka. Lakini usikurupuke kuongeza nopriv kila mahali: soma kwanza kazi hiyo inafanya nini. Ikiwa inafuta oda, umeshampa kila mpita njia kitufe cha kufutia oda.

JavaScript isiyoamka mara nyingi imelazwa na plagini za kuongeza kasi. Zinaunganisha mafaili, zinachelewesha mengine mpaka mgeni aguse skrini, na nyingi zinaweza kuwekwa zisimguse admini kabisa. Kwa Autoptimize ongeza ?ao_noptimize=1 mwisho wa anwani, kwa WP Rocket ongeza ?nowprocket. Kitufe kikifufuka, mchawi umempata. Rudi kwenye mipangilio, weka jquery.min.js kwenye orodha ya yasiyoguswa, jaribu tena, kisha ongeza faili la plagini yenyewe. Moja moja, tafadhali. Ukizima vitu sita kwa mpigo utapona bila kujua ulikuwa unaumwa nini.

Kufuta kashe nako kuna adabu yake. Anza ndani, maliza nje: mafaili yaliyounganishwa, kashe ya plagini, kashe ya mwenye seva, mwisho ile ya mtandao wa usambazaji (CDN) kama Cloudflare, unaowagawia wageni nakala za tovuti yako. Ukianza nje, ile ya nje inarudi ndani, inachota uchafu ule ule, inajaa upya. Kisha fungua dirisha la amri (terminal), andika curl -I na anwani yako; curl ni programu ya kuita tovuti bila kivinjari. Curl haina vidakuzi vyako, ni mgeni halisi asiyejipendekeza kwa mtu. Angalia mistari ya x-cache, cf-cache-status, x-litespeed-cache na age. Ikisema HIT, jua unaonyeshwa nakala.

Kichekesho kikubwa kuliko vyote: ipo plagini nzuri sana ya uchunguzi, Health Check & Troubleshooting, inayozima plagini zote kwa ajili yako tu huku wageni wakiendelea kuiona tovuti kama kawaida. Safi. Ila lazima uwe umeingia ndipo ikufanyie hivyo! Tatizo la asiyeingia utalichunguzaje ukiwa umeingia? Tengeneza nakala ya majaribio, zima nusu ya plagini, angalia ukiwa mgeni, gawa tena nusu iliyobaki na shaka. Na hakikisha kashe ya hiyo nakala imewashwa, maana kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huizima, na ugonjwa unapotea kabla daktari hajafika.

Kazi ikiisha, bosi anafungua duka kwenye simu yake, upau mweusi ule ule juu, anabonyeza kitufe, bidhaa inaingia kikapuni. Anakutazama.

"Sasa fundi, ulichotengeneza hapa ni nini? Si ilikuwa inafanya kazi?"