Panini hastahili mstari mmoja tu

Historia ya isimu, yaani sayansi ya lugha, tunayofundishwa vyuoni aghalabu huanzia kwa Wagiriki, hupita kwa Warumi, kisha hurukia kwa Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi. Panini, mwanasarufi wa Sanskriti, lugha ya kale ya India, aliyeishi yapata karne ya 5 au ya 4 Kabla ya Kristo, huambulia mstari mmoja. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma.

Hata anayeikumbuka India humtaja William Jones, jaji Mwingereza, na hotuba yake ya Calcutta mwaka 1786, iliyohusisha Sanskriti, Kigiriki na Kilatini na chimbuko moja. Sawa. Lakini Wazungu hawakukuta lugha tu kule. Walikuta lugha iliyokwisha kuchambuliwa. Sarufi zao za Kilatini zilipanga maneno mazima katika majedwali ya kukaririwa, ilhali Wahindi walikuwa wamelipasua neno katika mzizi na viambishi, na orodha ya mizizi ipatayo 2,000 wanayo. Mwanaisimu Mjerumani Franz Bopp alipolinganisha vitenzi vya lugha hizo mwaka 1816, kisu alichoshika kilikuwa kimenolewa India zamani sana.

Tazama kanuni moja ya Panini, maneno matatu tu: iko yaṇ aci. Kwa mujibu wake, i ikifuatwa na irabu isiyofanana nayo hugeuka y, na u hugeuka v. Hakuwa akizungumzia Kibantu, lakini anayejua kwa nini mu-ana huwa mwana na vi-ake huwa vyake ataielewa papo hapo. Ashtadhyayi, sarufi aliyoitunga, ina kanuni za namna hiyo takriban 4,000, zilizofupishwa na kutegemeana kwa namna ya kustaajabisha.

Na ile mofimu kapa, yaani kiambishi kisichoonekana, tunayoiweka mbele ya shamba ili kulipambanua na ma-shamba? Panini alikwisha kuwa na istilahi ya kisichojitokeza mahali kilipotarajiwa: lopa.

Sisemi kila wazo la Saussure limetoka huko. Ila tasnifu yake ya udaktari ilihusu Sanskriti, na lugha hiyo aliifundisha Geneva. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Bloomfield, aliyemsoma Panini kwa bidii, aliandika mwaka 1933 kwamba sarufi yake ni miongoni mwa kumbukumbu kuu kabisa za akili ya binadamu. Mmarekani mwingine, mtaalamu wa Sanskriti William Dwight Whitney, alizibeza sarufi za Wahindi, lakini hata yeye alitafsiri maandishi yao ya fonetiki.

Wahadhiri wetu wampe Panini wiki nzima, na wanafunzi wazijaribu kanuni zake wenyewe, moja baada ya nyingine, kabla ya kufika kwa Saussure.