Sikugoma, Nilikuwa Naingiza Nenosiri

Naona habari imewafikia kabla yangu. Jamaa mmoja tunayekaa naye meza moja kazini, ambaye kuanzia leo nitamwita Shahidi wa Uongo, amesambaza kwamba jana mkutanoni nilimwandikia mkurugenzi ukutani NIONGEZENI MSHAHARA. Eti nilikuwa nimepanga. Eti ni mgomo wa mtu mmoja. Wengine mmeshaanza kunitumia pongezi na kuniita kamanda.

Jamani, sikugoma. Nilikuwa naingiza nenosiri.

Mnaonifuata humu mnajua nilivyowachosha na Arch, moja ya distro, yaani aina, za Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mtu akiniuliza saa ngapi, namjibu kwamba natumia Arch. Shahidi wa Uongo mwenyewe alinishauri mapema niweke Linux Mint kama yeye: inawaka, unafanya kazi, unazima. Nikamcheka, nikasema hiyo ni Linux ya wastaafu. Ubuntu, distro nyingine, yenye matoleo ya LTS, yaani ya kudumu, yanayopewa masasisho kwa miaka 5, nikauliza miaka 5 yote hiyo ninasubiri nini. Debian nayo nikaikataa kwa sababu toleo lake imara hutoka kila baada ya miaka miwili hivi, na vifurushi vyake, yaani programu zake, nikaviona vimeota mvi. Kwa nini seva nyingi za watu wenye akili zao zinaendeshwa na Debian, hilo sikujiuliza.

Arch haina toleo la mwaka huu wala la mwaka jana. Kifurushi kipya kikitoka kinakufikia, mradi usasishe mfumo wote kwa pamoja. Tovuti yao ya maelezo, ArchWiki, imesema waziwazi kwamba kusasisha nusunusu hakuungwi mkono, ukiharibu ni juu yako. Nimeisoma sehemu hiyo. Nimewahi hata kumsomea mtu, kwa sauti ya ualimu.

Jambo jingine: unapoiweka, unaipa mashine jina. Watu wazima huandika "kompyuta" au "kazini". Mimi niliandika "fundimkuu". Likumbukeni hilo.

Basi asubuhi ya jana nagundua sina LibreOffice ya kufungulia slaidi zangu. Mfumo sikuwa nimeusasisha muda mrefu, kwa hiyo kusasisha wote kungemaanisha kushusha gigabaiti kadhaa huku mkutano unanisubiri. Nikaandika pacman -Sy, pacman ikiwa ndiyo amri ya Arch ya kuweka programu, nikachukua ninachotaka peke yake. (Wenzangu wa Arch, nawasikia mmeshika vichwa. Wengine, vumilieni: nilichukua orodha mpya ya vifurushi nikaitumia kwenye mfumo wa zamani.) LibreOffice ikaja na maktaba mpya, yaani faili la msimbo linalotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ile ya zamani ikaondolewa, na nusu ya mfumo wangu ilikuwa inaitegemea ileile ya zamani. Sikujua, maana programu zilizokuwa wazi zilishapakiwa kwenye kumbukumbu, ziliendelea kama kawaida. Slaidi zikafunguka. Nikazima kompyuta kwa madaha, nikaingia mkutanoni.

Mkurugenzi amekaa mbele. Mhasibu pembeni yake. Wakuu wa idara wamejipanga. Nikachomeka waya wa projekta, nikawasha.

Maandishi meupe yakaanza kuporomoka ukutani, kila mstari na OK yake ya kijani. Mtu wa nyuma akasema, "Huyu jamaa kiboko." Nikatabasamu. Ndugu zangu, katika yote yaliyonipata jana, lile tabasamu ndilo linaloniamsha usiku.

Ukapita mstari mmoja mwekundu, FAILED. Kisha ukuta ukawa mweusi, na pale juu kabisa yakabaki maneno mawili na kistari kinachopepesa:

fundimkuu login:

"Fundi mkuu ndiye nani?" mkurugenzi akauliza. Mhasibu akanielekezea kalamu bila kusema neno.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Shahidi wa Uongo amepapindisha. Kila siku nikiwasha kompyuta unakuja ukurasa mzuri wenye picha, jina langu limeshaandikwa, kazi yangu ni kupiga nenosiri na Enter. Vidole vimezoea hivyo. Na nenosiri kwenye ukurasa mweusi wa Linux halionekani ukiliandika, hata nyota hupewi. Ila pale nilikuwa bado sijaulizwa nenosiri. Nilikuwa naulizwa jina. Jina linaonekana.

Pia mjue kwamba mtumiaji huyu mkubwa wa Arch hawezi kuchapa bila kutazama kibodi. Kwa hiyo nimeinama. N. I. O. N. G. Ukumbi unasoma pamoja nami, kimya, herufi baada ya herufi, kama watoto wa chekechea. Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia mtu akivuta pumzi na kutoitoa. Nikadhani wamevutiwa. Nikapiga Enter kwa mkazo, nikainua macho:

fundimkuu login: niongezenimshahara
Password:

Yaani mashine imekubali kwamba mimi naitwa Bwana Niongezenimshahara, sasa inaniomba nenosiri langu.

Nilipiga kitufe cha kufuta. Nikakipiga tena. Mstari ule ukishapita haufutiki. Nikaona afadhali nipige Enter yapite haya. Linux ukikosea hapo haikujibu mara moja, inakuacha sekunde chache kwa makusudi ili mwizi asikisie haraka. Sekunde hizo nilizihesabu kwa mapigo ya moyo, huku mkurugenzi amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Kisha ukuta ukatangaza: Login incorrect.

"Mfumo umekataa," mhasibu akasema.

Ukumbi ulivyolipuka hapo, hata mimi ningecheka kama ningekuwa mwingine.

Nikarudia, safari hii jina kwanza, nenosiri baadaye. Nikaingia. Ndani hakuna slaidi, hakuna picha, giza tupu na alama ile inayosubiri amri. Wanaoijua wanajua ni alama gani. Kwa hiyo ukutani sasa palisomeka niongezenimshahara, na chini yake, peke yake, inapepesewa: $.

"Ameshataja na sarafu," mkurugenzi akasema.

Yaliyofuata ni mafupi. Slaidi zilikuwa kwenye barua pepe, dada wa mapokezi akazifungua kwenye kompyuta yake, nikasoma mbiombio bila kumtazama mtu. Jioni nikawasha kwa flashi, nikaingia kwenye mfumo ulioharibika kwa amri ya arch-chroot, nikapiga pacman -Syu ya kusasisha wote, kila kitu kikarudi kama hakijawahi kuharibika. Hilo ndilo lililonikera kuliko kicheko. Arch haikuwa na neno. Ni distro ya mtu anayepita kwenye ukurasa wao wa habari kabla ya kusasisha, na asiyeona tabu asubuhi yake ikiliwa na terminali, ule ukurasa mweusi wa amri. Ufundi wa kuiweka ninao. Subira ya kuishi nayo siku ya mkutano sina, na sidhani inashushwa kwa pacman.

Nimeweka Mint. Mashine inaitwa "kompyuta". Nenosiri nimebadilisha, msiniulize. Mkurugenzi naye amenikuta kwenye ngazi leo akaniambia maombi ya aina ile huletwa kwa barua.

Na Shahidi wa Uongo, baada ya kunichafua kote huko, amenijia kwa upole, eti amechoka na Mint, anataka distro ya kujifunzia, isiyo na usumbufu, mimi mzoefu nimchagulie. Nimemchagulia Gentoo. Kwa desturi yake programu hujengwa kutoka msimbo chanzo kwenye kompyuta yako mwenyewe, na kivinjari peke yake kinaweza kula saa nyingi. Hayo sikumwambia. Nimemwambia ni nyepesi. Ameanza tangu asubuhi, feni ya mashine yake naisikia kutoka hapa nilipokaa, na kesho zamu ya slaidi ni yake.