Tukijiandaa na maafa ya muda mrefu, tuanze na kisima

Watu wakizungumzia kujiandaa na janga kubwa, wengi hukimbilia chakula: gunia la mchele, maharage ya kopo, mafuta ya kupikia. Mimi naanza na maji, na sababu yangu ni yale yaliyotupata Unguja mwishoni mwa mwaka 2009.

Tarehe 10 Disemba mwaka ule umeme ulikatika kisiwa kizima. Hitilafu ilikuwa Fumba, pale waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, unapopanda nchi kavu. Siku ya kwanza tulidhani utarudi usiku. Ulirudi Machi 2010. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, tulikuwa tumeshakaa karibu mwezi mzima bila umeme.

Giza tulilimudu. Chemni na vibatari vilitolewa stoo, pasi za mkaa zikafutwa vumbi, na samaki ambaye hakuuzika siku ile alikaangwa au akaanikwa ng'onda, kama walivyofanya wazee kabla ya mafriji. Kilichotutesa ni mabomba. Maji ya mjini yanavutwa kwa pampu za umeme, na pampu ikisimama, bomba linakauka hata kama chini ya ardhi maji yamejaa tele. Jenereta zilisaidia hapa na pale, lakini jenereta inataka mafuta kila siku, na mafuta yanataka fedha, wakati watu wa kazi ndogondogo, mafundi wa kuchomelea, wauza barafu, wenye saluni, ndio kwanza kipato kimewakauka. Tena ilikuwa kaskazi. Vuli imeshapita, masika bado, jua la utosi. Hata mwenye mapipa chini ya michirizi ya paa hakuwa na cha kukinga.

Tukarudi visimani. Nakikumbuka kisima kimoja cha Ng'ambo, mitaa ya mjini nje ya Mji Mkongwe, ambacho mdomo wake wa saruji ulikuwa umelika mifereji kwa kusuguliwa na kamba miaka na miaka. Kabla ya hapo kilikuwa kimefunikwa bati na juu yake kumewekwa matofali, maana bomba lilikuwa limeshafika na hakuna aliyekihitaji. Ilibidi vijana washuke kuzoa tope na takataka kabla ya maji kuonekana. Foleni ya madumu ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na waliopanga foleni walikuwa wanawake na watoto, kama kawaida. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akikaa pembeni na kutaja nani anafuata. Hakuteuliwa na mtu, lakini bila yeye pangekuwa na ugomvi kila asubuhi.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo ushauri mwingi wa kujiandaa unapoanguka. Kipimo kinachotumika sana kwenye misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia, kufua na kuoga. Nyumba ya watu sita ni lita 90. Pipa la lita 200 linawapeleka siku mbili na kidogo. Tangi la lita 1,000, ambalo si kila nyumba ina uwezo wa kulinunua, linaisha siku ya kumi na moja. Miezi mitatu ingetaka zaidi ya lita 8,000. Kwa hiyo akiba ya ndani ni ya siku za mwanzo tu, za kukupa nafasi ya kujipanga. Baada ya hapo unahitaji chanzo, na chanzo hakikai ndani ya nyumba ya mtu mmoja.

Ndiyo maana siafiki kabisa fikra ya kila mtu na geti lake. Ukiwa na kisima chako na jenereta yako, jirani atagonga, na inafaa agonge. Ukimnyima, atateka maji ya dimbwi, na kipindupindu kikiingia mtaani hakitauliza nani ana geti. Katika janga la siku tatu unaweza kujifungia. Katika la miezi mitatu afya yako iko mikononi mwa jirani, utake usitake.

Tangu mwaka 2013 tuna waya mpya wa megawati 100, na ni jambo kubwa, lakini naona umetulewesha. Umeme wetu mwingi bado unapita chini ya bahari. Mchele tunaokula kwa sehemu kubwa unakuja kwa meli. Na sasa hata fedha zetu zimo ndani ya simu, jambo ambalo mwaka 2009 halikuwa hivi. Kwenye chakula nina wasiwasi mdogo zaidi: muhogo unangoja ardhini bila friji, mishelisheli ipo, papa mkavu hadai umeme. Kisima kilichozibwa ndicho kisichosamehe.

Ninachotaka ni kazi ndogo, ifanywe kabla ya masika kila mwaka. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, iwe na orodha ya visima vyake: kipi kina maji mwaka mzima, kipi kimeingia chumvi, kipi kiko karibu mno na choo. Vyenye kufaa visafishwe, vifunikwe vizuri, viwekewe pampu ya mkono, au ya sola pale fedha zinaporuhusu, na awepo mtu anayejua kubadilisha vipuri. Dawa ya klorini ihifadhiwe na tarehe zake zitazamwe. Paa la skuli na la msikiti liwekewe michirizi na tangi, kwa sababu mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 40 tu ni lita 2,000, nasi tunaziacha zikimbilie baharini. Na orodha ya pili, iliyo fupi: wazee wanaoishi peke yao, wajawazito, wagonjwa wa kisukari wanaotegemea insulini ya baridi. Majina hayo sheha na majirani wanayajua tayari. Yanahitaji kuandikwa, pamoja na jina la kijana atakayempelekea kila mmoja dumu lake.