Kanzu Nyeupe Mikokoni

Idi pili, shemeji yangu kutoka Dodoma alijitokeza ukumbini kavaa raba buti. Nilicheka mpaka mke wangu akaninunia. "Shemeji, tunakwenda msitu wa Jozani kutembea, si kulima mpunga!" Mimi nina kanzu nyeupe ya sikukuu, mkunjo wa pasi bado unaonekana, na makubadhi mapya yanayolia kila hatua. Ukinitazama tu unajua mwenyeji ndiye huyu.

Kutoka Mjini Unguja ni kama kilomita 35, na njia nzima sikufunga mdomo. Tulipofika mwongozaji akaanza kueleza habari za kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, nikamdaka: hao hawana kidole gumba, na hula makaa ili kutuliza sumu ya majani ya miembe na mikungu. Kijana wa watu akanyamaza, akawa anatufuata nyuma kama yeye ndiye aliyelipa kiingilio.

Alichowahi kusema ni kimoja: "Msisimame chini ya mti wenye kima." Nilimwelewa baada ya sekunde tano hivi, bega la kushoto likiwa limerowa na jua linawaka.

Tukaingia mikokoni, kwenye lile daraja la mbao. Maji yamekupwa, tope linang'aa, kaa wanakimbilia mashimoni. Shemeji akauliza kwa adabu, "Hii yote ni miti ya aina moja?" Jamani, si ningejibu tu? Lakini ualimu ulishanipanda kichwani. "La! Huu mkoko, ule mkandaa, na mchu ni ule pale, subiri nikuoneshe mizizi yake." Nikakunja kanzu, nikashuka.

Mguu wa kwanza ulizama mpaka gotini. Nikauleta wa pili kuuokoa wa kwanza, nao ukakaa hukohuko. Tope la mikoko lina harufu ya mayai viza, na kila nilipojitikisa lilinivuta kwa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa. Mwongozaji aliinama kwenye mbao. Nilidhani anasali, kumbe anacheka.

Shemeji akashuka taratibu na raba buti zake, akakanyaga juu ya mizizi, akanizunguka akinipima kwa macho. "Kwetu ng'ombe akinasa lamboni anakamatwa mkia. Wewe shemeji nikukamate wapi?" Akaniingiza mikono kwapani, akaning'oa kama muhogo. Makubadhi yalibaki. Yapo mpaka leo, kaa wanayapangisha.

Kurudi, utingo alinitazama juu mpaka chini, akataka nipande juu ya paa la gari pamoja na magunia. Shemeji akanibembelezea nafasi mlangoni.

Mke wangu alifungua mlango, akatupita macho sote wawili. "Kaka, karibu ndani. Na huyu mchimba kisima umemwokota wapi?"